Nyonga ya Bandia Iliyoondolewa Sokoni: Hatua za Kufuata kwa Mgonjwa na Familia Yake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia ndugu na jamaa kusoma karatasi za kliniki ya mifupa, na maswali yanayonifikia ni yale yale. Mama mmoja aliyebadilishiwa nyonga Uingereza amepokea barua inayosema kiungo alichowekewa kimeondolewa sokoni, na anauliza kama ni lazima kitolewe. Kijana aliyempeleka baba yake India kwa upasuaji anauliza atajuaje kama nyonga ya baba ni miongoni mwa zile zilizotangazwa. Mwingine anasema hasikii maumivu yoyote, kwa hiyo haoni sababu ya kurudi kliniki. Huyu wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, na ni kwa ajili yake hasa nimeandika mwongozo huu.

Nitatumia mfano wa nyonga ya ASR iliyotengenezwa na DePuy, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson, kwa kuwa ndiyo iliyofundisha mengi kuhusu ufuatiliaji wa wagonjwa. Kiungo hiki kilianza kuuzwa mwaka 2003, na kikaondolewa sokoni duniani kote mwezi Agosti 2010, baada ya watu wapatao 93,000 kuwekewa. Takwimu za rejista ya viungo bandia ya Uingereza zilionyesha kwamba ndani ya miaka 5, asilimia 12 hadi 13 ya wagonjwa walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa marudio, yaani wa kutoa kiungo na kuweka kingine, wakati kigezo kilichokubalika nchini humo wakati huo kilikuwa kisichozidi asilimia 10 ndani ya miaka 10. Kikombe na kichwa chake vilikuwa vya chuma, na vilipokwaruzana vilitoa chembe ndogo mno za kobalti na kromi, ambazo kwa baadhi ya watu huharibu misuli na mifupa inayozunguka nyonga. Nadharia hiyo inatosha kwa kazi iliyo mbele yetu.

Jambo moja lieleweke kabla ya kuanza. Kiungo kuondolewa sokoni maana yake ni kwamba hakitawekwa tena kwa mgonjwa mwingine, na kwamba waliokwisha kuwekewa wanapaswa kuchunguzwa. Si amri ya kukitoa mwilini mwako. Wagonjwa wengi wenye ASR waliendelea kuishi nacho kwa miaka mingi bila kudhurika, na wengine waliharibiwa vibaya bila kuhisi lolote mwanzoni. Huwezi kujua uko upande gani kwa kusikiliza mguu wako peke yake.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta taarifa ya upasuaji iliyoandikwa siku ulipofanyiwa operesheni, muhtasari uliopewa uliporuhusiwa kutoka hospitalini, kadi ya kiungo bandia kama ulipewa, na picha zote za eksirei za nyonga hiyo, hasa ile ya kwanza baada ya upasuaji. Andaa pia orodha ya dawa na virutubisho unavyotumia, daftari jipya ambalo halitatumika kwa jambo lingine, na mtu mmoja wa familia atakayekuwa anakwenda nawe kliniki. Usiidharau nafasi ya mtu huyo, kwa kuwa mgonjwa aliye na hofu husikia nusu tu ya anayoambiwa.

Hatua za kufuata

1. Tambua hasa ulichowekewa.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo makosa mengi hutokea. Nyonga ya bandia si kitu kimoja. Kwa kawaida ina shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha mviringo kinachokaa juu ya shina, kikombe kinachowekwa kwenye fupanyonga, na mara nyingi kitanda cha plastiki, kauri au chuma ndani ya kikombe. Kila sehemu ilitoka kiwandani katika boksi lake, na kila boksi lilikuwa na stika. Wauguzi wa chumba cha upasuaji hubandua stika hizo na kuzibandika kwenye faili lako. Juu ya kila stika utaona jina la kiungo, namba iliyotanguliwa na herufi REF, ambayo ni namba ya bidhaa, na namba iliyotanguliwa na LOT, ambayo ni namba ya kundi la uzalishaji. Nakili zote mbili kwa kila stika, herufi kwa herufi, kisha piga picha ukurasa mzima.

Onyo: jina la kampuni halitoshi. DePuy ilitengeneza pia kikombe cha Pinnacle, ambacho hakikuwamo katika tangazo la mwaka 2010, na nimeshawahi kukutana na mtu aliyekosa usingizi kwa miezi miwili kwa sababu tu neno DePuy lilikuwa kwenye karatasi yake. Kinyume chake pia hutokea: mtu husoma stika ya shina peke yake, akaona ni salama, asijue kwamba kikombe na kichwa ndivyo vilivyotajwa.

Kama huna faili, iandikie hospitali barua ya kuomba nakala ya taarifa ya upasuaji pamoja na ukurasa wa stika. Taja majina yote uliyotumia wakati ule, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya upasuaji hata kama ni ya kukadiria, na jina la daktari aliyekupasua. Aliyepasuliwa Uingereza au Wales baada ya Aprili 2003 anaweza pia kuiomba rejista ya taifa ya viungo bandia taarifa zake. Aliyepasuliwa India, Afrika Kusini au Ghuba aiandikie hospitali moja kwa moja, kwa kuwa wakala aliyeandaa safari mara nyingi hana stika.

2. Linganisha namba zako na tangazo rasmi.

Tumia tangazo la mamlaka ya vifaa tiba ya nchi ulikopasuliwa au la mtengenezaji mwenyewe, wala si ujumbe unaozunguka kwenye simu. Soma ni sehemu gani ya nyonga imetajwa na ni kwa sababu gani, kwa maana sababu ndiyo inayoamua vipimo. Mwaka 2012 kampuni ya Stryker iliondoa sokoni mashina ya Rejuvenate na ABG II kwa sababu ya kutu na msuguano kwenye shingo, ambayo ilikuwa kipande cha pekee kilichounganishwa na shina. Matangazo ya kampuni ya Exactech yaliyoanza mwaka 2021 yalihusu sehemu za plastiki zilizofungwa katika mifuko isiyozuia hewa ya oksijeni ipasavyo, hata plastiki ikaweza kuchakaa mapema. Mwenye plastiki iliyochakaa anahitaji zaidi picha za kuangalia kama mfupa unaliwa, na kupima kobalti katika damu hakutamwambia kuhusu plastiki hiyo. Kwa hiyo usinakili vipimo vya jirani yako kabla hujajua kama mna tatizo moja.

3. Andika hali yako ya sasa kabla ya kwenda kliniki.

Kwa wiki mbili andika kila siku umbali unaoweza kutembea, kama unapanda ngazi bila kushika ukuta, kama unavaa soksi mwenyewe, na kama maumivu hukuamsha usiku. Taja mahali penyewe panapouma: kwenye kinena, kwenye tako, au mbele ya paja. Maumivu ya kinena na maumivu ya kuanza kusimama baada ya kukaa yana maana kwa daktari, kama zilivyo na maana sauti ya kugonga au kukwaruza, uvimbe mpya na kuchechemea kulikoanza polepole.

Andika pia mambo yaliyo mbali na nyonga: masikio kuvuma au kusikia kupungua, macho kufifia, ganzi au kuchomachoma kwa vidole, moyo kwenda mbio, kuishiwa pumzi, na usahaulifu usio wa kawaida yako. Kobalti ikiwa nyingi sana katika damu inaweza kuleta haya. Hata hivyo, umri, kisukari na shinikizo la damu huleta yayo hayo, kwa hiyo yaandike bila kujihukumu na umwachie daktari ayapime.

Kliniki nyingi hutumia pia dodoso la Oxford lenye maswali 12, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 48, na 48 ndiyo hali bora kabisa. Omba uambiwe alama zako na uzinakili. Alama moja peke yake haisemi mengi, lakini mtu aliyeshuka kutoka 44 hadi 35 katika mwaka mmoja ana habari ambayo hata yeye pengine hajaikiri.

4. Omba miadi na daktari bingwa wa mifupa, na useme sababu wazi.

Usiseme tu kwamba unakuja kuangaliwa mguu. Sema hivi: "Nimewekewa kiungo kilichoondolewa sokoni, hizi hapa namba zake, nahitaji ufuatiliaji wa kiungo hicho." Sentensi hiyo hubadilisha mapokezi. Daktari wa kawaida anaweza kukuona unatembea vizuri akakurudisha nyumbani kwa nia njema kabisa. Kama daktari aliyekupasua amestaafu au yuko nchi nyingine, daktari yeyote bingwa wa mifupa anayefanya upasuaji wa marudio anaweza kuanza nawe, ilimradi ufike na stika mkononi.

5. Pima kobalti na kromi katika damu, kwa njia iliyo sahihi.

Kipimo hiki kinawahusu wenye nyonga ya chuma kwa chuma, kama ASR, na wenye viungio vya chuma vinavyoweza kupata kutu. Mwaka 2010 shirika la Uingereza linalosimamia dawa na vifaa tiba, MHRA, lilitoa mwongozo uliotaja kiwango cha mikrogramu 7 kwa lita kama mahali pa kuanza uchunguzi wa kina. Maabara nyingine huandika majibu kwa nanomoli. Hapo mikrogramu 7 ni sawa na nanomoli 119 za kobalti au takriban 135 za kromi. Mtu aliyezoea kipimo kimoja akipewa kingine hushtuka bure, kwa hiyo tazama kizio kabla ya kutazama namba.

Namba 7 imeeleweka vibaya kuliko jambo lingine lolote katika habari hii. Si mpaka kati ya uzima na sumu. Aliye na 8 hahukumiwi kupasuliwa, na aliye na 5 hajapewa cheti cha usalama, kwa kuwa wapo waliokutwa na uvimbe mkubwa kuzunguka nyonga huku damu yao ikiwa chini ya 7. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, haikuweka kiwango kimoja cha damu cha kuamulia upasuaji. Kinachotazamwa ni mwelekeo: MHRA ilielekeza kwamba anayezidi 7 arudie kipimo baada ya miezi 3, ili ionekane kama kiwango kinapanda, kimetulia au kinashuka. Kwa wenye kutu kwenye kiungio, kobalti inaweza kupanda peke yake huku kromi ikibaki chini, kwa hiyo pima zote mbili.

Makosa ya kuepuka ni haya. Damu ichukuliwe katika chupa maalumu isiyo na chembe za madini, kwa sababu sindano na chupa za kawaida zinaweza kuongeza chuma ambacho hakikutoka kwako. Rudia kipimo katika maabara ile ile na kwa aina ile ile ya sampuli, kwani damu nzima na majimaji ya damu havilinganishwi moja kwa moja. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa figo, maana figo ndizo zinazotoa kobalti mwilini, na kama unameza virutubisho vyenye kobalti au kromi. Kama nyonga zote mbili ni za bandia, hilo nalo liandikwe kwenye fomu.

6. Piga picha inayofaa.

Eksirei huonyesha mkao wa kikombe na mfupa, wala haionyeshi vizuri nyama laini, na uharibifu wa chembe za chuma mara nyingi huanzia kwenye nyama laini. Kwa hiyo huhitajika MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, iliyopangwa maalumu kupunguza kivuli cha chuma, au altrasaundi iliyofanywa na mtaalamu aliyezoea nyonga. Watu wengi wameambiwa mtaani kwamba mwenye chuma mwilini haingii kwenye MRI kamwe. Nyonga nyingi za bandia zinaweza kupimwa kwa MRI, mradi wahudumu wajulishwe mapema na wathibitishe aina ya kiungo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ndiye anayehitaji tahadhari kubwa, na kwake altrasaundi inaweza kutumika badala yake.

Uvimbe unaotajwa katika majibu ya picha hizi si saratani. Ni mkusanyiko wa majimaji na nyama iliyowashwa na chembe za chuma. Nimewaona watu wakilia ukumbini mwa hospitali kwa kulisoma neno hilo bila mtu wa kulifafanua.

7. Amua pamoja na daktari baada ya kuweka mambo yote mezani.

Dalili, damu na picha husomwa kwa pamoja. Asiye na dalili, mwenye kobalti na kromi za chini zilizotulia katika damu na picha safi, kwa kawaida huendelea kufuatiliwa. Mwenye uvimbe unaokua, misuli inayoharibika, mfupa unaoliwa au kobalti na kromi zinazopanda katika damu mwaka hadi mwaka huzungumziwa upasuaji wa marudio hata kama maumivu yake ni madogo, kwa sababu matokeo ya upasuaji huo huwa duni pale misuli ya tako inapokuwa imeshaharibika sana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa nyonga ya chuma methali hiyo ni ya kweli mno. Uliza maswali matatu na uandike majibu: kipi kimebadilika tangu mara ya mwisho, nini kitatokea tukisubiri miezi 6, na hospitali hii imefanya upasuaji wa marudio wa aina hii mara ngapi.

8. Ukifanyiwa upasuaji wa marudio, ufuatiliaji huanza upya.

Upasuaji wa marudio ni mrefu na mgumu kuliko wa kwanza, na hatari ya maambukizi na ya nyonga kuteguka ni kubwa zaidi. Fuata masharti ya kukaa, kulala na kuinama utakayopewa, hata kama upasuaji wa kwanza ulipona haraka. Kobalti katika damu kwa kawaida hushuka kwa wiki na miezi baada ya chuma kutolewa, kwa hiyo panga vipimo vya kuthibitisha hilo. Kabla ya siku ya upasuaji omba kwa maandishi kwamba sehemu zitakazotolewa zihifadhiwe na zisitupwe, kwa sababu uchunguzi wake unaweza kueleza kilichoharibika na unaweza kuhitajika katika madai. Chukua stika za kiungo kipya siku hiyo hiyo.

9. Weka ratiba ya miaka yote.

Kwa wenye ASR, MHRA ilielekeza uchunguzi wa kila mwaka kwa muda wote kiungo kinapokuwa mwilini. Chagua mwezi mmoja usiosahaulika, kama ule uliopasuliwa, na kila mwaka andika alama za dodoso, kobalti, kromi na matokeo ya picha katika ukurasa mmoja wa daftari. Ukihamia mji au nchi nyingine, daftari hilo ndilo faili lako.

Kuhusu fidia, kwa ufupi

Nchini Marekani kampuni ilikubali mwaka 2013 kulipa takriban dola bilioni 2.5 kumaliza kesi za ASR, ikiwahusu wagonjwa wapatao 8,000 waliokuwa wameshatolewa kiungo. India, ambako upasuaji wa ASR ulikuwa takriban 4,700, kamati ya serikali ilipendekeza fidia isiyopungua rupia milioni 2 kwa mgonjwa, lakini wengi hawakuweza kupatikana. Hili huniumiza kila ninapolikumbuka, kwa sababu aliyekosa kupatikana alikosa pia vipimo, wala si fedha tu. Kila nchi ina ukomo wa muda wa kufungua madai. Usisaini karatasi ya kuruhusu faili lako lote lichukuliwe, wala ya kukubali malipo, kabla mwanasheria hajaisoma.

Ukikwama

*Hospitali inasema faili limeharibiwa.* Uliza kama idara ya picha bado ina eksirei, kama chumba cha upasuaji kina daftari lake, na kama bima iliyolipia ina ankara inayotaja kiungo. Daktari mzoefu anaweza kukisia aina ya kiungo kwa umbo lake kwenye eksirei, na wakati faili linatafutwa unaweza kufuatiliwa kama mwenye nyonga ya chuma kwa chuma.

*Maabara ya karibu haipimi kobalti.* Sampuli inaweza kusafirishwa kwenda maabara inayopima, hata nje ya nchi. Uliza kwanza chupa inayotakiwa na namna ya kuihifadhi. Wakati huo altrasaundi na eksirei zisingojee.

*Majibu ya damu yamepanda ghafla mara tatu.* Rudia kabla ya kuogopa, ukiangalia chupa, maabara na kizio. Yakithibitika, omba picha haraka, na umwambie daktari kuhusu dalili za moyo, macho na masikio hata kama hajauliza.

*Daktari anashuku maambukizi.* Majimaji yenye chembe za chuma yanaweza kufanana na usaha kwa macho. Omba yapelekwe maabara kuoteshwa vijidudu kabla ya kuanza dawa, isipokuwa kama hali yako haiwezi kusubiri.

*Mguu umekataa kukanyaga ghafla, umekuwa mfupi au umegeuka, au una homa na nyonga imekuwa nyekundu na ya moto.* Usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usilazimishe kutembea, na mtu wa familia abebe ule ukurasa wa stika.

*Mgonjwa mwenyewe anakataa kurudi kliniki kwa kuwa haumwi.* Usibishane naye kuhusu chuma. Mwombe akubali kipimo kimoja cha damu na picha moja, na uahidi kwamba uamuzi wa baadaye utakuwa wake. Bibi mmoja ninayemfahamu alikubali hivyo baada ya mwaka mzima wa kukataa, na picha ilimkuta na uvimbe uliokuwa bado haujagusa misuli.